Mraibu wa kijijini aanzishiwe dawa kwa simu bila daktari kumwona?

Mleta mada: Wakuu, nataka tulijadili hili la Marekani kwa hoja. Tangu 2008 sheria ya huko iitwayo Ryan Haight ilimtaka daktari amwone mgonjwa ana kwa ana kabla ya kumwandikia dawa inayodhibitiwa kupitia intaneti. Korona ilipoingia, Machi 2020, DEA wanaosimamia dawa hizo walilegeza, na kabla mwezi haujaisha wakaruhusu buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na jamii yake, ianzishwe hata kwa simu ya sauti tu. Kwa vijiji vya milima ya Appalachia, kliniki iko mbali na video inakatika kila dakika, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Msimamo wangu: ibaki, na isibanwe iwe ya video peke yake.

Mpinga hoja: Mkuu, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, haipimwi kwa sikio. Kipimo cha COWS, ambacho mhudumu hukijaza kupima ukali wa arosto, kinataka mapigo ya moyo, jasho, mboni, miayo, vinyweleo kusimama. Alama zikiwa chini ya 8 unasubiri. Ukiwahi, buprenofini inang'ang'ania vipokezi vya ubongo kuliko heroini, inaisukuma nje, halafu yenyewe inafanya kazi nusunusu. Mtu anatapika na kuhara kwa arosto ya ghafla, mbaya kuliko aliyoizoea. Mboni nani anaziona?

Muuguzi: Mboni utazikosa, saa huzikosi. Unauliza ametumia nini na mara ya mwisho lini. Heroini: zipite saa 12 hadi 24. Methadoni, dawa nyingine ya uraibu huo inayokaa mwilini muda mrefu: 36 kwenda juu, mara nyingi 48 hadi 72. Mapigo anajihesabia akiwa ameketi, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde 30, mara mbili. Dalili nyingine anazijaza mwenyewe kwenye SOWS, fomu ya mgonjwa kujipima arosto, maswali 16, kila moja 0 hadi 4.

Kisha miligramu 2 au 4 chini ya ulimi. Asimeze, asiongee, asivute sigara mpaka iyeyuke, dakika 5 hadi 10. Akiimeza, ini linaila karibu yote, naye atakwambia dawa ni feki. Mwenye arosto mara nyingi mdomo umemkauka, kwa hiyo alowanishe kwa maji kwanza. Hili dogo linasahaulika kila siku! Unampigia tena baada ya saa moja au mbili; bado anaumwa, anaongeza 4. Siku ya kwanza wengi huishia 8, baadaye 16.

Mpinga hoja: Hesabu ya heroini hiyo. Fentanili, jamii ya heroini yenye nguvu zaidi, kwa mtumiaji wa kila siku inajificha kwenye mafuta ya mwili. Saa 24 zimepita, bado inavuja.

Muuguzi: Hapo sikupingi. Ama usubiri alama za COWS zipande zaidi, 13 hivi, ama uanze na nusu miligramu na kupandisha taratibu kwa siku kadhaa, ukimpigia kila siku.

Mfamasia: Mnabishania kamera, mmesahau dirisha la dawa. Kijiji kina duka moja. Cheti kinatoka kwa daktari wa mji wa mbali, mgonjwa mgeni, dawa inayodhibitiwa: mfamasia kafundishwa kwamba vyote hivyo ni vya kutilia shaka. Na msambazaji wa jumla ana kiwango chake. Oda ikipita hapo, inazuiwa. Mgonjwa na arosto yake anaambiwa "imeisha". Daktari apige simu dukani *kabla* ya kuandika: ipo ngapi, nguvu gani, ya kidonge au ya utando mwembamba kama karatasi unaoyeyuka mdomoni. Aanze na siku 3 hadi 7, na nalokisoni ya puani, ya kumzindua aliyezidisha dozi, iwe kwenye cheti hichohicho.

Mchangiaji wa Dar: Samahani wakuu, Muhimbili tangu 2011 methadoni inanywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Simu ingewafaa?

Muuguzi: Usizichanganye, ndugu yangu. Methadoni inarundikana: ya leo haijatoka, ya kesho inapanda juu yake, siku ya tatu au ya nne pumzi inaweza kukata. Buprenofini ina dari, yaani ukizidisha dozi haiendelei kubana pumzi zaidi, ila ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi dari hiyo usiitegemee. Ndiyo maana hata wakati wa korona methadoni haikuruhusiwa kuanzishwa kwa simu. Kilicholegezwa ni dozi za nyumbani: hadi siku 28 kwa aliyetulia, 14 kwa ambaye bado. Ziwekwe kwenye kisanduku chenye kufuli. Mtoto akionja funda moja, mnaweza kuzika.

Mpinga hoja: Basi simu iwe na kikomo. Kanuni ya DEA ya Januari 2025 imetaja dawa ya miezi sita. Baada ya hapo aonekane.

Mleta mada: Mwezi wa saba kliniki itakuwa palepale. Akikosa usafiri unamkatia? Mwili wake umeshaisahau fentanili. Kipimo chake cha zamani ndicho kitakachomuua.

Mpinga hoja: Simkatii. Namwandikia siku saba nyingine, na nesi wa jirani ampime kwa niaba yangu.

Mfamasia: Na unipigie kabla ya Ijumaa. Jumapili tunafunga.