Tupeane uzoefu: Mkeka wa March Madness, kigogo gani ulimuotea akaanguka kweli?

Wakuu, salamu. Tunaofuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani ni wachache, ila tupo. Kila Machi zinaingia timu 68, zinachujwa zibaki 64, halafu mtoano: ukifungwa mara moja unarudi chuoni. Zinagawanywa makundi manne, na kila kundi timu zinapewa namba 1 hadi 16 kwa ubora, 1 ndiye kigogo kabisa. Hapa sitaki ushabiki. Tuambiane mnajazaje mkeka, ile karatasi ya kubashiri mshindi wa kila mechi, na yule kigogo mliyemwangusha kwenye karatasi mlimjulia wapi.

Naanza. 2024 niliwapa Oakland, namba 14, mbele ya Kentucky, namba 3. Kentucky walijaa vipaji vya mwaka wa kwanza lakini kukaba walikuwa hawakabi. Oakland walikuwa watu wazima, wanakaba kwa zoni, yaani kila mtu analinda eneo lake, na hawana haraka. Jack Gohlke wa Oakland akatupia za pointi tatu mara 10 peke yake, wakashinda 80-76. Huyo Gohlke sikumpangia mimi, ni Mungu tu. Ila tangu hapo nikimuona kigogo mwenye watoto wengi anakutana na timu ya wakongwe wenye shabaha, natega sikio.

Mbeba Boksi:
Mkuu, sisi huku Minnesota kazini tunachanga kidogo na kila mtu anajaza. Angalia kwanza pointi zinavyohesabiwa. Kwetu mechi ya raundi ya kwanza ukipatia ni 10, bingwa ni 320. Yaani bingwa peke yake ni sawa na mechi zote 32 za mwanzo! 2025 wajuzi tulihangaika kuwinda vigogo wa kuangusha, kumbe namba 1 zote nne, Florida, Auburn, Duke na Houston, zikafika nusu fainali. Aliyetushinda wote ni mama mmoja wa jikoni asiyejua hata zoni ni nini. Aliandika bingwa ni Florida, ikawa kweli.

Kiti Moto wa Sinza:
Mimi nilivutwa na Hasheem Thabeet wetu alipokuwa UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut. 2008 walikuwa namba 4, wakakutana na San Diego, namba 13. A. J. Price, mchezesha timu wao, akaumia goti kipindi cha kwanza, wakafa 70-69 kwenye muda wa nyongeza. Hasheem na urefu wake wote! Tangu siku hiyo, kabla sijaandika jina, natafuta habari za majeruhi, hasa wa mchezesha timu. Mwaka uliofuata walifika nusu fainali, Michigan State wakawatoa.

Bi Tashtiti:
Nyie mnasoma takwimu, mimi naangalia mnyama wa kwenye nembo. 2018 niliwapa mbwa wa chuo cha UMBC, namba 16, mbele ya Virginia, namba 1. Wakashinda 74-54. Swali lingine?

Mbeba Boksi:
Bi Tashtiti acha hizo 😂 Namba 16 haikuwahi kumfunga namba 1 kwa wanaume kabla ya hapo.

Mzee wa Zoni:
Msimcheke, ile mechi ilikuwa na dalili. Virginia walimkosa De'Andre Hunter, aliyevunjika mkono, na uchezaji wao ulikuwa wa taratibu mno. Mashambulizi yakiwa machache, mnyonge anabaki mchezoni muda mrefu, na wewe ukiachwa huna mwendo wa kukimbiza pengo. Ila walionunia Virginia moja kwa moja walilia 2019, maana ndio waliobeba kombe.

Boda wa Kawempe:
Huku Kampala 2025 tulikuwa Duke sababu ya Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia hapa kwetu. Nusu fainali na Houston walishaongoza kwa 14 kipindi cha pili, wakalala 70-67. Mkeka ukachanika alfajiri ile ile.

Mleta mada:
Pole Boda. Houston ndio wale wakongwe ninaowasema. Mzee wa Zoni, raundi ya kwanza namba 12 kwa namba 5 huwa unaangusha wangapi? Mimi naweka mmoja kila mwaka.

Mzee wa Zoni:
Mmoja, nikisukumwa wawili. Wanne ni kiherehere. Na bingwa simtafuti chini ya namba 4.