Petroli UDSM, petroli UDOM au mekanika: athibitishe wapi?

Kijana_wa_Masasi:
Wakuu habari za muda huu. Dogo kachaguliwa sehemu tatu, uhandisi wa petroli UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), petroli UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na uhandisi wa mekanika chuo kingine cha serikali. Namba ya siri ya kuthibitisha chuo ishaingia kwenye simu na dirisha linafungwa wiki hii. Mliopita huko, mwaka hadi mwaka mambo yanakwendaje?

BombaMoto:
Mkuu umeficha yote ya maana. Mkopo kapata? Fizikia alipata ngapi?

Mama Nasra:
Na mwenyewe anataka nini? Isije ikawa kaka mtu ndo anasoma.

Mchorongaji:
Mimi nimemaliza petroli, chuo sikitaji. Kote ni miaka minne na mwaka wa kwanza utadhani umekosea darasa, hesabu, michoro, programu, jiolojia ya kuonja tu. Wa pili ndo wanakusanya watu, thamodinamiki na mekanika ya vimiminika, ukichezea ni sapu, unarudia mtihani. Wa tatu raha inaanza, uchorongaji, miamba inayohifadhi mafuta na gesi, kusoma logi za kisima, yaani vipimo vya miamba ya kisimani. Wa nne projekti.
Shida ni filidi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Mimi nilituma barua hadi nikachoka maana kampuni za gesi bongo ni za kuhesabu, nikaangukia kampuni moja ya huduma, nikajua sasa naona rigi, mtambo wenyewe wa kuchoronga, wakanipeleka stoo kuhesabu glavu na boliti, na logibuku lazima ijazwe kila siku, jumatatu "kupokea valvu", jumanne "kupanga valvu", jumatano "kuhakiki valvu", siku msimamizi wa chuo kaja ananiuliza uzito wa matope ya kuchorongea unapimwaje nikabaki namtolea macho, matope yenyewe nayajua kwenye slaidi 😂 Kwa hiyo dogo aulize chuo kinamsaidiaje kupata filidi, hayo mengine mbwembwe.

Spana17:
Mekanika. Saruji, sukari, reli, hata hilo bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda hadi Tanga wanaingia. Petroli, TPDC (shirika la mafuta la serikali) wakitangaza nafasi mbili kwenye Ajira Potali, tovuti ya ajira za serikali, usaili unajaza ukumbi.

BombaMoto:
Spana acha kutisha watoto. Chini ya ardhi na bahari yetu kuna gesi futi za ujazo trilioni 57 na ushee, mradi wa LNG wa Lindi, wa kugeuza gesi kuwa kimiminika iuzwe nje, ukianza mtatafutana.

Spana17:
Ukianza lini? Makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022, wajukuu zangu watasikia "majadiliano yanaendelea".

Chongoleani Finest:
Bomba la kutoka Hoima ni kilomita 1,443 na sehemu kubwa iko kwetu, ajira zipo.

Spana17:
Za kuchomelea na kufukia. Likishafukiwa linataka watu wachache mno.

Mama Nasra:
Samahani natoka nje ya mada, kweli lile bomba linapashwa moto njia nzima? Umeme wote huo?

Chongoleani Finest:
Kweli mama, mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda humohumo ndani.

Mchorongaji:
Na ndo maana nasema watu wanachanganya mafuta na gesi. Sisi gesi ya Songo Songo, kisiwani Kilwa, ilivumbuliwa 1974, ikaanza kutumika 2004. Miaka 30! Anayesubiri LNG ajipange.

BombaMoto:
Wakati ule hakukuwa na soko, usilinganishe.

Mchorongaji:
Soko la sasa liko wapi mkuu? Daladala za gesi?

Kijana_wa_Masasi:
Nashukuru wakuu. Fizikia ana C, hesabu B, mkopo majina bado. Yeye mwenyewe anasema alitaka kusoma kompyuta ila hakuchaguliwa 🙈

Mama Nasra:
Nilijua tu.

Spana17:
Sasa hilo ndo ungeanza nalo kaka! Raundi ya pili ya maombi ikifunguliwa aombe kompyuta.

BombaMoto:
Asithubutu kuacha petroli UDSM kwa ajili ya kompyuta, mahodari wa kompyuta wamejaa mtaani wanauza kava za simu.

Chongoleani Finest:
Na wa petroli wanauza nini?

Mchorongaji:
Mitungi ya gesi 😂