Walenisi au Bina-Adamu!? Nina hela ya kitabu kimoja

Sayari9: Wakuu salaam. Mwisho wa mwezi nanunua riwaya ya kisayansi. Zimebaki mbili: Walenisi ya Katama Mkangi na Bina-Adamu! ya Wamitila. Nichukue ipi?

MamaVitabu: Ya kusoma wewe au mtoto? Uko wapi? Mnauliza nusu swali halafu mnanuna.

Kibatari: Walenisi tu, hakuna mjadala. Ya 1995 hiyo. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kiitwacho sumbaruja kimwangamize, yeye anakimudu chombo mpaka nchi nyingine kabisa. Ugali utapoa mezani.

Jongoo: Hiyo ni siasa iliyopewa mabawa. "Wale ni sisi", hata jina ni hotuba.

Kibatari: H.G. Wells, yule Mwingereza, naye kwenye riwaya yake The Time Machine, 1895, alikuwa anasema matabaka. Naye tumfukuze?

Mpemba_halisi: Mie nishaumia na vitabu vya kuagiza. Nilitaka riwaya ya Nagona ya Kezilahabi, muuzaji mmoja wa mtandaoni akaniambia "kipya kabisa, kaka". Nikatuma pesa, siku kumi na moja kimya. Kilipofika kimefungwa kwa gazeti, kufungua, fotokopi! Ukurasa wa 31 unafuatwa na wa 48. Na Kezilahabi mnamjua, hata kurasa zikitimia unapotea. Nikasoma hadi mwisho nikidhani ndio mtindo wake.

Jongoo: 😂😂

MamaVitabu: Ndiyo maana nasema maktaba kwanza. Ila kwa namba za Dewey, zile za kupanga vitabu maktaba, usiende rafu za 500, huko utakuta fizikia. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Na tafuta kwa jina la mwandishi. Kile kistari cha Bina-Adamu! kinaweza kukukosesha kitabu kilichopo.

Sayari9: Samahani, nilisahau kusema: ni zawadi ya mpwa wangu, kidato cha kwanza. Niko Tanga.

MamaVitabu: Kidato cha kwanza! Na muda wote huo umekaa kimya!

Kibatari: Tanga utahangaika, zote mbili zilichapwa Nairobi. Ulizia watu wa mabasi.

Jongoo: Mpe Binti ya Nnedi Okorafor, 2015. Fupi. Msichana Mhimba, watu wa Namibia, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu sayari nyingine.

Kibatari: Jina Kiswahili, kitabu Kiingereza. Maajabu.

Jongoo: Neno lenyewe la Kiarabu.

Mpemba_halisi: Lishaolewa huku zamani, mahari tulitoa.

Sayari9: Jamani, kwa hiyo ninunue ipi?

MamaVitabu: Huyo mpwa Kiingereza anakisoma?