Mliokuza familia kwa kuasili watoto, Kigoma na Tabora: tupeane uzoefu

Mama wa Nane (Mwanga, Kigoma)
Bwana asifiwe wapendwa. Nina watoto wanane. Watatu nimewazaa, watano nimewaasili, na nikisema kuasili namaanisha mpaka mahakamani, si kumchukua mtoto wa dada akutekee maji halafu unaringa kanisani kwamba unalea yatima. Waliopitia waseme, ya furaha na ya kuchosha.

Naanza mimi. Wa kwanza alikuja 2013, ana miaka sita. Miezi kumi kila usiku alikuwa anapanga nguo zake zote kwenye begi la shule, viatu juu, anafunga zipu, analala amelikumbatia. Mume wangu akasema mwacheni, akichoka atalitua. Asubuhi moja kuku wangu haonekani. Tukamkuta nyuma ya jiko, ndani ya lile begi, anaatamia. Mtoto mwenyewe ndiye kamtandikia kaptula ya shule. Nililia. Halafu nikataka kaptula ifuliwe, kesho yake Jumatatu.

Kesi yetu ilisikilizwa Tabora, wakati huo Kigoma hatukuwa na Mahakama Kuu. Treni usiku kucha na watoto wanne, ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga. Behewa zima lilijua tunatoka wapi.

Mkulima wa Urambo
Mwangaluka. Mimi nasema kwa upande wa pili, maana ndiye niliyelelewa. Nilichukuliwa na miaka minne, tukawa tisa nyumbani. Sinia moja, fimbo moja, ibada saa mbili usiku, anayesinzia anasimama. Sikujua kama si wa tumboni hadi darasa la tano, na aliyeniambia ni shangazi, tena kwa sababu ya embe.

Karatasi haikuwepo. Baba alipofariki, siku ya kuanua tanga baba mdogo akasoma majina manane. "Huyu wa tisa ni mgeni wetu, tutamshika mkono." Kaka mkubwa akaomba daftari, akaandika jina langu chini, akalirudisha bila neno. Shamba lilikuwa heka tisa, tukagawana moja moja. Nalima tumbaku pale mpaka leo. Lakini kama kaka angekuwa mtu wa namna nyingine?

Ustawi Mstaafu
Hapo ndipo amri ya mahakama inapohitajika, mkulima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliyeasiliwa kama wa kuzaa, mpaka kwenye urithi. Mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Ndugu wa mtoto anaweza kuomba kuanzia miaka 21. Mnaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, atakuja nyumbani aone mnaishije na mtoto atalala wapi. Msichanganye na malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto kwa muda bila kumwasili: kwenye kambo mtoto anaweza kurudi kwao, ukishamwasili kwenu ndiyo kwao. Na ukiambiwa kuna kichanga mahali, njoo uchukue kimyakimya, usiende, hata kama umefunga na kuomba siku arobaini.

Mama Mchungaji, Kasulu
Kwetu wapo kumi na mmoja. Kupika hakunichoshi, wageni ndio wananichosha. Wanakuja na sukari na sabuni, wanataka watoto wapange mstari wapigwe picha, wanauliza kituo chenu kina yatima wangapi. Kituo! Siku moja wa nane wangu, ana mdomo huyo, akawajibu: "Yatima hawapo, ila baba yetu yuko bafuni, msubirini." Tangu hapo sukari imepungua.

Dereva Nzega
Mbona hela hamuisemi? Ada ya shule za serikali imefutwa tangu 2016 mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, sawa, lakini sare je, madaftari, mchango wa uji? Bima yangu ya kazini inachukua mimi, mke na wategemezi wanne. Ninao saba. Mke wangu akasema tupige kura, tukacheka, halafu tukanyamaza. Mwisho tukawaandika wanne wadogo, maana ndio malaria haiwaachi. Wakubwa tunawalipia taslimu, na wakiumwa wawili wiki moja mnanikuta hapa nakopa.

Binti wa Uvinza
Shikamooni. Sisi mwaka wa tisa wa ndoa, hatuna hata mmoja. Mimi nataka, mume anataka, mama mkwe anasema damu ya watu ina mambo yake. Hivi majina mlibadilisha?

Mama wa Nane
Marahaba mdogo wangu. Wangu alisema hivyohivyo, na wa kwetu ni Muha, hasemi jambo mara moja. Leo huyohuyo mwenye begi ndiye anampeleka kliniki ya presha kwa baiskeli, na asipomwona siku mbili bibi anauliza, "Mume wangu yuko wapi?"

Majina: wanne wamechukua la ukoo wetu moja kwa moja. Huyu aliomba la baba yake mzazi libaki katikati, tukaliacha. Cheti kipya kilipotoka alikisoma mara tatu amesimama mlangoni, akauliza kama anaweza kwenda kukilaminisha. Nikamwambia tutoe kopi kwanza.