Naomba ushauri: Pashinyan, aliyekuwa waziri mkuu wa Armenia wakati huo, alipona vipi baada ya kushindwa vita?

Wakuu habari zenu, tunaandaa mdahalo chuo na hili linanisumbua sana. Armenia ilipigwa na Azerbaijan 2020, siku 44 tu, Pashinyan akasaini makubaliano ya kusitisha vita usiku mmoja wa Novemba, watu wakavamia bunge, spika akatolewa kwenye gari akapigwa vibaya, Februari 2021 wakuu wa jeshi nao wakamtaka ajiuzulu, halafu uchaguzi wa Juni jamaa akashinda kwa asilimia kama 54!! Mi naona kilichombeba ni wapinzani wenyewe, kina Kocharyan, rais wa zamani, watu walishawachoka kitambo. Sasa mwenzangu anataka tumlinganishe na Galtieri wa Argentina aliyeng'oka siku chache tu baada ya kushindwa na Uingereza vita ya visiwa vya Falklands 1982, ila yule alikuwa mwanajeshi, hakuchaguliwa na mtu. Mnashauri tuubakize huo mfano au tutafute mwingine?