Mgongo ukishtuka mnajitibu vipi nyumbani? Tupeane uzoefu

hamali_amu
Asalaam aleikum jamaa. Huku Amu simiti na mawe ni punda ama mabega ya mtu, gari haziingii vichochoroni. Sasa sie wa kubeba twajua ule mgongo kushtuka, unainama kuokota mfuko mara kitu kinavuta kiunoni na hapo hapo umepinda, kunyooka huwezi. Sisemi maumivu ya miaka, nasema nyama zilizovutika tu. Mie kila nikishtuka mama watoto hunikanda maji moto saa hiyo hiyo lakini juzi mtu wa duka la dawa akanambia ya moto si ya mwanzo. Nyinyi mwafanyaje?

mvuvi_mlindi
Hata mie huanza na baridi. Hapa Malindi kusukuma boti mchangani ndo hutumaliza, lakini barafu ya samaki haikosi. Naifunga kwa taulo (mifuko ya plastiki si walipiga marufuku 2017), naweka dakika 15 hivi natoa, baadaye narudia. Usiweke barafu kwa ngozi tupu itakuunguza. Siku mbili za mwanzo ndo hivyo, ikishatulia naenda kwa maji moto.

bi_wa_langoni
Nyie wanaume mwasema mizigo, mie mgongo wangu ulimalizwa na mbuzi! Ilikuwa harusi, nazi zimejaa sinia na wa kukuna ni mimi, nimekaa pale chini magoti juu tangu asubuhi, kuinuka ndo nikaskia kiuno kimekata, wakanishika makwapa huku na huku. Nikalazwa kwa kile kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, kila nikijigeuza napiga ukelele. Binti yangu nesi alipokuja akanitoa hapo, akanilaza kwa godoro chini ubavu ubavu na mto katikati ya magoti, ati ukilala chali mto uende chini ya magoti. Kulikucha akaniamsha, mama tembea. Nilimtukana wallahi! Lakini nilikwenda uani nashika ukuta, narudi, napumzika, naenda tena, na kila nikitembea yalegea. Kulala kutwa ndo kunakokaza mgongo. Na hayo maji moto wala simlaumu mkeo, binti alisema kinachokupa nafuu ndo chako, nami mgongo wangu hautaki baridi kabisa.

kijana_shela
Na wachuaji jamani? Babu alinipaka mafuta ya simsim halafu akapanda na goti, nikaona nyota mchana

mvuvi_mlindi
@kijana_shela kupapaswa polepole sawa, goti hapana. Ngoja ule ukali upungue kwanza.

dada_wa_duka
Kuhusu vidonge: panadol peke yake kwa mgongo haifanyi kitu sana. Brufen yasaidia ila kunywa ukiwa umekula, Ramadhani ni baada ya futari ama daku, si tumbo tupu. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au mja mzito aulize kwanza. Na msichanganye brufen na diklofenak, ni jamii moja hizo, watu wengi wanazimeza pamoja wakidhani ndo watapona haraka.

Halafu kuna mgongo wa kutolala nao nyumbani. Ukiskia ganzi mapajani ndani na sehemu za siri, mkojo umekwama ama unakutoka wenyewe, mguu unalegea, una homa, ama umeanguka mnazini, hiyo ni spitali leo leo, si kesho.

hamali_amu
Shukran sana. Sasa kazini nirudi lini? Nikikaa nyumbani hakuna unga.

dada_wa_duka
Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, lakini si lazima ungoje iishe kabisa. Anza na vyepesi. Ukiinua chuchumaa, mzigo uubane kifuani, na usijipinde kiuno ukiwa umeubeba, geuza miguu.

hamali_amu
Mfuko ni kilo 50 dada, vyepesi viko wapi

bi_wa_langoni
Bebaneni wawili mwanangu, na hela mgawane. Fundi akinuna mwambie aje auinue yeye.