Tope la hori la Makupa, Mombasa: lipimwe kila mwaka, au tuiachie bahari?

Mkaazi wa Changamwe: Jaa la taka la Kibarani, kando ya hori, lilifungwa 2018. Daraja la Makupa likafunguliwa 2022 badala ya tuta lililoziba hori, na maji yanapita tena kati ya hori za Tudor na Port Reitz. Sasa nani anapima tope? Maji hubadilika kila yanapokupwa na kujaa, lakini tope huweka madini yenye sumu kama risasi (lead), zinki na kadimiamu miaka na miaka. Nasema KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, na kaunti wapime pale pale kila mwaka, matokeo yabandikwe sokoni.

Baharia Mstaafu: Maji yameachiliwa, yataondoa uchafu yenyewe. Hizo pesa jengeni vyoo. Na wanaookota kombe huko, mbona hawajafa?

Binti wa Tudor: Shikamoo mzee, lakini hilo neno lirudishe. Mamangu ameokota kombe miaka ishirini, ndizo zilizonisomesha. Kwani kipimo ni mtu kufa?

Baharia Mstaafu: Marahaba mwanangu. Sikumtukana mamako. Nami nimelelewa kwa kombe hizo hizo.

Binti wa Tudor: Basi ungesema hivyo tangu mwanzo!

Mwanafunzi wa Bahari: Mzee, maji yakipita kwa nguvu yanaweza kufukua tope la chini lililokwisha kutulia, hata la wakati ule mafuta yalipomwagika 1988 mikoko ikafa. Ndiyo sababu kupima ni sasa. Na mpimaji asichote mchanga mwaka huu, tope laini mwaka ujao, kisha atangaze kuwa uchafu umezidi. Madini hushika chembe laini. Achekeche kwanza, alinganishe laini kwa laini.

Muuza Kaa: Mkibandika sokoni mimi nitamuuzia nani? Mkisema Makupa, mteja anasikia Mombasa nzima. Kaa wangu watoka Gazi, kule Kwale!

Binti wa Tudor: Dada, mamangu naye anauza. Bora ajue upande upi asiingie.

Muuza Kaa: Mamako atahamia upande mwingine. Mimi nikiharibiwa jina nahamia wapi?

Baharia Mstaafu: Hapo dada kasema kweli. Jina la soko likiharibika halirudi.

Mkaazi wa Changamwe: Basi na Gazi ipimwe. Kule hakuna bandari wala jaa la mji, patafaa kulinganishia, na wewe utapata karatasi ya kumwonyesha mteja.

Muuza Kaa: Gazi muiache! Nani kawaita Gazi?